Vyuma Chini ya Mablanketi

Mwanangu Tayyab huko Muscat,

Sisi hatujambo, ila roho yangu haitulii. Pesa uliyotuma ya vitu vya harusi ya dada yako Zunaira, mwenyewe amenunulia vyuma vya kunyanyua. Chuma kirefu tulichukua kipya, maana cha mtumba kingepinda kikamwangukia. Uzito ni makopo ya samli tuliyojaza zege.

Jana wakwe zake walikuja kukagua vitu atakavyokwenda navyo kwa mumewe. Nikavificha vyuma sandukuni, chini ya mablanketi ya bibi yenu. Mjomba wa bwana harusi akajaribu kulisogeza sanduku, likamshinda.

"Dada, humu mmeweka ng'ombe mzima?"

Zunaira akalinyanyua peke yake. Wakaondoka bila kunywa chai.

Posa ikivunjika, tutafanyaje? Niambie, nimkataze?

Benchi la kunyanyulia vyuma nimeshamwagizia.

Mama yako,
Rasheeda