Masudi Amelisikia Gitaa Langu

Jumamosi, Ipagala

Amelisikia! Tena mbele za watu, kama alivyonitoa kwenye bendi yake mbele za watu. "Dada Eliza, wewe imba tu. Gitaa zito linataka mkono wa mwanaume." Maneno hayo nimelala nayo na kuamka nayo tangu masika.

Amplifaya sina. Gitaa langu la mtumba nililichomeka kwenye redio kaseti ya marehemu baba, tundu la maikrofoni, nikafungulia sauti mpaka spika ikakoroma. Ilikwaruza masikio mno, basi nikaitumbukiza redio ndani ya pipa tupu la mahindi na kulifunika blanketi. Redio ya pili, ya kuazima kwa jirani, ikarekodi. Mara ya tisa ndipo mlio ulipotoka mzito, kama radi ya mbali.

Leo Baba Neema, muuza kanda, aliipiga kanda hiyo dukani Masudi akiwepo.

"Nani huyu? Wa Dar? Nitafutie, namtaka."

"Ni Eliza. Huyo hapo nyuma yako."

Aligeuka, midomo ikamcheza. "Basi rudi, dada yangu."

"Sirudi. Nina bendi yangu."

Watu walicheka, nami nilifurahi, nisijidanganye. Nilitaka aumie, na aliumia.

Bendi yenyewe sina. Nilitembea hadi barabarani nikiogopa uongo wangu. Mpiga dramu wa Masudi akanifuata mbio, akaniuliza mazoezi yanaanza lini.

Nimemwambia Jumatatu.