Nyayo Zilizoishia Mlangoni Kwetu

Kitaji, Musoma

Mama yangu, shikamoo. Goti lako linasemaje tangu mvua zianze? Na yule ndama mwekundu, ameshaacha kufuata watu kanisani? Mimi huku ni mzima, nakula sato siku za neema na visamaki vya furu siku nyingine zote.

Najua hapo Mugeta wanauliza mbona sikanyagi nyumbani, na Musoma si Ulaya. Waambie mtu aliyefungwa kwa uongo wa jirani hapimi umbali kwa nauli.

Umenitumia neno nimsamehe Mzee Manyama, kwa kuwa kazeeka na mwanawe Wambura alipata matatizo. Hayo matatizo nayajua kuliko wewe, Mama. Sikiliza.

Tangu majaji wa rufaa waniachie, niko na wakili mmoja, dada mkali kama pilipili, kwenye chumba chetu cha ofisi, mtaa wa Mukendo. Tunawahangaikia waliofungwa bila kosa, na wakitoka tunawafundisha kuishi upya. Wengine wanasimama mbele ya mlango wakingoja ufunguliwe, na kitasa kiko upande wao. Hata mimi nilikuwaga hivyo.

Basi siku moja akaingia mzee, kofia mkononi. Akaona tai yangu ya mtumba, akainama.

"Shikamoo, mheshimiwa."

Alikuwa Mzee Manyama. Nikaichelewesha kidogo. "Marahaba."

Akainua macho. Sijawahi kuona uso ukitafuta pa kujificha huku mwenyewe kasimama.

"Kumbe ni wewe, mwanangu."

"Ni mimi. Kaa, Mzee. Shida gani?"

Shida ni kwamba Wambura, aliyekuwa kibarua wa kuchunga kule Butiama, kafungwa kwa wizi wa ng'ombe. Watu walifuata nyayo, zikaishia kwenye boma alilokuwa analala. Na kwetu unajua: nyayo zikikomea kwako, mwizi ni wewe, mengine ni kelele.

"Nyayo si ushahidi!" Mzee akapandisha sauti. "Ng'ombe si anapita popote? Mtu anafungwaje hivihivi?"

"Polepole, Mzee," nikamwambia. "Hapo kwenye 'nyayo si ushahidi' nataka niandike vizuri."

Mama, nilitaka kumfukuza. Kisha nikawaza: mwanawe akiozea ndani, kijiji kizima kitamlilia Mzee Manyama, atakuwa mtu wa kuhurumiwa. Zawadi hiyo simpi.

Nikaenda Butiama mwenyewe. Nikampata mama mmoja mchota maji aliyeziona nyayo zikiendelea ng'ambo ya boma mpaka mtoni, ila hakuna aliyemuuliza. Wakili akaomba asikilizwe kwenye rufaa, ikakubaliwa. Wambura akatoka.

Sasa anakaa kwangu, anajifunza useremala hapa uani. Siku ya kwanza aliniomba ruhusa ya kwenda chooni. Ni kijana mzuri. Inaniudhi.

Juzi Mzee akaja kumchukua, na kuku wa shukrani kwapani. Nikampa chai, nikasema mbele ya mwanawe:

"Kabla hamjaondoka, Mzee, msimulie Wambura habari za mbuzi."

"Mbuzi gani tena?"

"Wale uliowaswaga nyuma ya boma letu asubuhi niliyokamatwa kwa wizi wa ng'ombe, wakafuta nyayo zilizokuwa zinaelekea kwa shemeji yako. Halafu ukaenda kuapa kwamba zilikomea mlangoni kwetu. Mimi niliwaona kwa macho yangu, nimefungwa kamba. Nilisema mahakamani, nikaonekana najitetea."

Wambura akaweka randa chini. "Baba, ni kweli?"

Mzee akamwangalia kuku.

"Basi mimi sirudi," Wambura akasema. "Kayaseme kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya mama yake huyu. Ndipo nitakuja."

Mzee akaondoka na kuku wake.

Mkutano ni Jumamosi, Mama. Vaa kanga mpya, kaa mbele kabisa, usimsaidie neno hata akikwama. Akisema yote, nitamleta Wambura kwa mkono wangu, na huo msamaha tutaanza kuujadili. Asiposema, nitaendelea kumtunza mwanawe vizuri sana. Ataoa hukuhuku, wanawe wataniita mimi babu, na Mzee habari zao atakuja kuziuliza kwako.

Msalimie shangazi aliyekuwa akiniletea sabuni gerezani, hakukosa. Kaka mkubwa, ambaye hakuja hata mara moja, msalimie pia, ila kwa kifupi. Na wewe katekista unayemsomea Mama barua hii, pokea heshima zangu: soma kwa sauti, dirisha likiwa wazi, na usiruke pale kwenye mbuzi.

Ni mimi mwanao ambaye hakuiba,
Masinde