Jani la Sale Limenifikia

Dar es Salaam, Jumapili

Mke wangu Mama Elirehema,

Salamu nyingi sana. Kabla ya yote niambie mgongo wako unaendeleaje, na kama yule ng'ombe mwekundu amezaa salama. Wanunuzi wa kahawa wameshapanda huko mlimani? Mimi nakula, nalala, asubuhi naenda kwenye mionzi na kurudi wodini. Joto la huku halina adabu.

Shemeji yako Anaeli amenifikishia mzigo wako. Ndizi nimezipokea. Lakini ndani ya gazeti nikakuta jani la sale lenye fundo, nikalia mbele ya watu. Mgonjwa mwenzangu, mzee wa Lindi, akauliza kama ni dawa. Nikamwambia, "Kwetu aliyekosa ndiye anayepeleka jani hili kuomba msamaha, na ukiletewa huwezi kukataa."

"Sasa mama kakosa nini?"

Hujakosa kitu, mke wangu. Miezi yote ile niliyokugeuzia mgongo, ukadhani umenichosha au nina mwanamke mwingine, nilikuwa mgonjwa. Wala si vidonda vya tumbo kama tulivyokudanganya. Ni saratani ya tezi dume. Wanaume wa ukoo walikaa kwenye pombe ya mbege wakasema haya ni ya wanaume, mwanamke asisikie. Nami nikafurahi kupata pa kujificha. Roho inaniuma kwamba wewe ndiye uliyekwenda kukata sale.

Daktari wangu ni binti wa umri wa Elirehema wetu, na hana aibu hata chembe. Anasema mionzi inaweza kupunguza nguvu za kiume, polepole, hata baada ya mwaka na zaidi, ingawa si kwa kila mtu. Kuna vidonge vinavyowasaidia wengine, ila nisikae kimya mpaka mambo yaharibike. Niseme mapema, naye aangalie kwanza moyo na dawa zangu za presha. Sigara nimeacha. Kutembea natembea kila jioni. Kisha akaniuliza, "Baba, mama yuko wapi? Haya ni ya watu wawili."

Nikasema una ng'ombe, huwezi kutoka.

"Ng'ombe watakatiwa majani na mtu mwingine. Wewe je?"

Akasema kushikana na kukumbatiana nako ni tiba, tusiache tukisubiri nguvu zirudi.

Naogopa, mama. Saratani yenyewe siiogopi kama ninavyoogopa siku utakayonionea huruma. Ukiweza, panda basi uje tumsikilize daktari pamoja. Yakiwepo maneno magumu uyasikie kwake, kwa sababu mimi nitayapunguza.

Mpe mama yangu shikamoo yangu. Msalimie dada yako wa Mabogini, na Elirehema umweleze utakavyoona vema. Anaeli usimgombeze, mimi ndiye niliyemfunga mdomo.

Matibabu yakiisha narudi nyumbani. Kitakachowezekana sikijui. Usinitandikie chumba cha wageni. Hata nisipoweza lolote, naomba nilale kwetu.

Mumeo,
Baba Elirehema