Kulwa, Mimi Ndiye Niliyemwona

Pacha wangu Kulwa,

Jana nilikusikia redioni, wewe uko Dodoma, mimi niko gengeni kwangu hapa Igoma nakatakata mchicha. Wateja walinyamaza wote. Mmoja akaniambia, "Ndugu yako akiongea, mtu unasahau ulichofuata sokoni." Nikacheka, lakini roho iliniuma.

Unaikumbuka siku ya fundi Masanja? Watu wanaisimulia mpaka leo, na kila ikisimuliwa inanoga zaidi. Pikipiki ilikuwa imeibwa nyuma ya soko. Mtu akamnyooshea kidole Masanja, mshona viatu wetu, na kufumba na kufumbua wakawa wamemzunguka, wengine na mawe mkononi. Mimi nilikuwa nimekaa naye tangu asubuhi akinishonea viatu. Hakunyanyuka hata kwenda kunywa maji. Nikapiga kelele, "Si yeye! Nilikuwa naye!" Wakanisukuma. Nikasema tena, sauti ikanikatika. Ndipo nikakimbilia saluni kwako, nikakueleza huku nalia.

Ukapanda juu ya kreti la soda. Hukupiga kelele. Ulisema tu, "Mwangaluka!" kama unawasalimia watu harusini, na watu kwa mazoea wakaitikia. Ukawaacha kidogo. Kisha ukasema, "Hebu kila mtu aangalie miguu yake. Nani hapa hajashonewa kiatu na huyu?" Wakaangalia chini. "Mnataka kumuua, halafu kesho mtembee na nyuzi zake miguuni?"

Mtu mmoja akacheka. Mawe yakaanza kudondoka. Ukamalizia, "Mimi nilikuwa naye tangu asubuhi. Nimemwona kwa macho yangu haya."

Macho yapi, Kulwa? Wewe ulikuwa unasuka watu nywele. Aliyemwona ni mimi.

Masanja alipona, na kwa hilo namshukuru Mungu kila nikimwona akipita na wanawe. Lakini alikuja nyumbani kukupigia magoti wewe. Mama alichinja kuku kwa ajili yako. Hakuna aliyeniuliza mimi nilikuwa wapi. Wakakupa uongozi wa soko, kisha udiwani, kisha wakakusindikiza stendi kwa vigelegele ukaenda huko bungeni. Mimi nilikubebea begi.

Jana ulisema soko letu lihamishwe. Tangu habari hizo zianze, wanawake hapa walikuwa wamekataa katakata. Ulipomaliza, Mama Neema akashusha pumzi, "Labda kweli tuhame." Nikauliza, "Amesema maji tutapata wapi huko?" Hukusema. Na mimi mwenyewe, wakati unaongea, nilikuwa naitikia kwa kichwa! Siku ya Masanja hakuna aliyekuuliza umeona nini hasa. Jana pia hakuna aliyekuuliza.

Nakuonea wivu, dada. Sikuwahi kuitamani nyumba yako wala gari lako. Natamani siku moja tu nisimame mbele ya watu, niseme ninalolijua, na wanyamaze.

Ukija Pasaka, usianzie sokoni. Njoo kwangu kwanza, nitakupikia sato. Nina mengi kuhusu hilo soko, na mengine ya zamani. Nitasema taratibu, kuna mahali nitakwama. Usinimalizie sentensi. Nisubiri.

Aliyekufuata tumboni,
Doto