Mchumba Wako na Bima ya Cherehani

Mwanangu,

Chakula nimekifunika jikoni. Mdogo wako asitoke kabla hajafua sare.

Mchumba wako alikuja asubuhi ukiwa umeshakwenda kazini, na mkoba wake wa udalali wa bima. Kabla ya kuufungua aliomba dua ndefu. Nikaitikia amina, dua haikataliwi. Kisha akataka nitie sahihi bima ya moto ya cherehani zetu.

Nikamuuliza, "Umeziona?"

"Mama, mimi nakuamini."

Karakanani hajawahi kukanyaga. Cherehani zile ndizo zinazotulisha tangu baba yenu atutoke. Zikiungua, kampuni haitalipa eti kwa sababu yeye aliniamini.

Sikutia sahihi. Nimekwenda kwa yule mwokaji aliyeunguliwa na tanuri akalipwa na bima, nimuulize dalali wake ni nani.

~~Mwambie mchumba wako asirudi.~~ Mwambie aje kesho karakanani, azikague moja moja, na anieleze kampuni ikigoma kulipa atasimama upande wa nani. Akinijibu vizuri, bima nitakata kwake.

Posa nayo ingoje kwanza. Kama cherehani hakuziangalia, sijui wewe alikuangaliaje.

Mama yako