Kimya Ninachompelekea

Dada mpenzi,

Mama hajambo, ila dawa bado anazikataa. Chumba changu cha ushauri nasaha nimekipaka rangi upya.

Yule mteja wangu aliyeua wanawake watatu, kitinda mimba wetu akiwa mmojawapo, alinifuata hadi nyumbani, akakamatwa mlangoni na kisu mkononi. Sasa amefungwa maisha. Aliomba nikamwone.

"Wewe tu ndiye unayenielewa," aliniambia.

Akamwaga yote ya moyoni, akangoja nimtulize kama zamani. Nilimtazama tu, nikanyamaza mpaka akalia na kunisihi niseme hata neno moja. Nikachukua mkoba wangu, nikaondoka.

Usinihurumie, dada. Wiki ijayo nitakwenda tena.

Mimi mdogo wako, nisiye na haraka.