Kifungo cha Mwisho cha Shati la Kazini

Chumba cha Kushonea,
Nyumbani kwa Marehemu Dada Yako.

Jumapili, 14 Juni

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini waraka huu utakukuta mzima, na lile goti lako limekoma kukusumbua unapopanda ngazi. Wadogo zangu hawajambo? Mimi mwili haujambo. Habari za moyo ndizo zilizonikalisha niandike.

Nimelipokea agizo lako kwamba nifunge nyumba, niiache ile kazi ya maktaba, nije kuishi kwako. Ulisema kwenye simu, "Usomi haufukuzi majonzi, mwanangu." Naam, hilo nalikubali bila ubishi, nawe wajua jambo hili lilivyo nadra kwangu. Hitimisho lako ndilo ninalolipinga.

Sikufichi jinsi nilivyokuwa. Tangu tulipomzika Mama, nimelala na nguo za mchana, nimekula nimesimama, nimesoma ukurasa uleule bila kuufikia mwisho. Mkuu wa maktaba alinisogezea siku ya kuanza kazi, akasogeza tena, na sasa amesema kesho ndiyo mwisho: nisipofika, kiti kitampata mwingine.

Juzi jirani yetu mpishi alinikuta mlangoni, nikamweleza kwa kirefu kwa nini huzuni haiwezi kupangiwa ratiba. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Wakili wa Jikoni," akasema, kwa jina lile alilonibandika Mama, "hoja zako nzito, ila zinanuka. Kaoge kwanza, halafu tuendelee."

Nilicheka, Mama Mdogo. Nikaoga. Nikanyoa ndevu, nikafua mashuka, nikachemsha mayai na kuyala nimeketi mezani, kama mtu anayemheshimu mgeni wake.

Ndipo jana nikathubutu kukifungua chumba cha kushonea. Unaikumbuka desturi ya dada yako: kifungo cha shingoni hakukishona mpaka mwenye nguo aje aivae, ndipo yeye amsimamishe mbele ya kioo, akishone papo hapo. "Shingo ya mtu haipimwi akiwa hayupo," alikuwa akisema.

Shati langu la kazini lilikuwa limetundikwa nyuma ya mlango, limepigwa pasi, shingoni wazi. Kifungo chake kilikuwa mfukoni, kimefungiwa katika kipande cha kitambaa. Alikuwa akinisubiri nirudi kutoka chuoni. Niliporudi, nilimkuta amekwisha kulazwa hospitalini.

Nilifikiri kulipeleka kwa fundi mwingine. Miguu ilikataa. Basi nikalivaa, nikasimama mbele ya kioo, nikashona mwenyewe. Nilijidunga, nikalia kwa sauti kwa mara ya kwanza, wala sikujitafutia hoja ya kuacha.

Nilipomaliza nilijitazama kwa muda mrefu. Huyu wa kwenye kioo si yule uliyemsikia simuni siku ya msiba. Anajipikia. Analia pale panapostahili kilio. Hata kunyamaza ameanza kujifunza. Niliona ni haki nisimame kidogo nimtambue, maana aliyekuwa akinitambua hayupo.

Kwa hiyo siji, Mama Mdogo. Kesho naanza kazi. Usidhani nimeukataa upendo wako. Likizo ya kwanza ni yako, na tutabishana mpaka majirani wagonge ukuta.

Nisalimie sana Baba Mdogo na wadogo zangu wote, hasa yule kitinda mimba anayesema nitazeeka nikibisha. Mola akutunze, na usiku wako uwe na usingizi.

Kile kifungo kimekaa upande, tena kinakaba. Mama angekikata uzi kwa meno, anicheke mpaka ashike ubavu, kisha akishone upya. Ningeitoa shahada yangu nikisikie kicheko hicho. Kesho nitalivaa hivyohivyo.

Ni mimi mwanao, nikupendaye daima,

Wakili wa Jikoni